Gosi na Magauni ya Mwalimu

Neno "gosi" lililetwa kwenye chumba chetu cha ushonaji na binti wa kaka yangu, kutoka chuoni. Ni Kiingereza cha vijana, alisema.

"Yaani umbea?" akauliza Mama Vifungo, mwenzangu wa vifungo na pindo.

"Si umbea hasa, mama. Gosi ni ya marafiki. Unasema, 'Lete gosi!'"

"Basi ni umbea uliooga," nikasema, tukacheka.

Mama Vifungo akalipenda kupita kiasi. Sisi mafundi hatuna haja ya kuchungulia watu dirishani: tepu ya kupimia inatusimulia nani ananenepa na nani ana mimba. Tukijua kiuno cha mtu, tunadhani tumemjua yeye.

Mwalimu wa chekechea alileta magauni yake yapunguzwe tena kiuno. Alipotoka tu, Mama Vifungo akadakia.

"Gosi! Ana maradhi ya kuambukiza yule. Mama Mapacha anakuja kuchukua sare, nitampasha awahamishe wanawe."

"Una hakika?"

"Lisemwalo lipo."

"Anayelisema ni wewe peke yako!" Nilikuwa nimechemka. Wazazi wakisikia hilo, darasa la mwalimu litabaki viti vitupu, na hana kazi nyingine. Nikamgeukia binti. "Gosi ikimfikia mwenyewe kwanza, inaitwaje?"

Akafikiri. "Hapo si gosi tena, shangazi. Ni kumjulia hali."

Nikamwambia Mama Vifungo afunge mdomo mpaka nirudi, nikatoka mbio na sindano ingali imechomekwa kifuani mwa gauni langu. Nilimkuta mwalimu kwenye kona, nikamuuliza waziwazi kinachomsibu. Akaanza kulia pale pale njiani. Ni tezi ya shingo inayomkondesha, alisema, haimwambukizi mtu, na dawa ameshaanza. Hakuwa amemwambia yeyote, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

"Usikate kitambaa, fundi," akasema. "Daktari anasema mwili utarudi."

Niliporudi nikawaeleza. Mama Vifungo aliinamisha kichwa. Mama Mapacha alipofika, alikabidhiwa sare na salamu tu. Magauni nikayabana kwa kukunjia kitambaa ndani, sikukata hata kidogo.

Mvua zilipokwisha, mwalimu akaingia akihema, zipu imegoma katikati ya mgongo.

"Fumueni," akasema. "Yote!"

Mama Vifungo akawahi kisu cha kufumulia, machozi yakimlengalenga.

"Leteni gosi!" akapaza sauti mpaka barabarani. "Mwalimu kanenepa!"

Na aliyecheka kuliko wote ni mwalimu mwenyewe.