Zitalazimika, Zitajitahidi

Asubuhi ya mwisho ya mazungumzo ya silaha, katika hoteli moja ya Kericho iliyozungukwa na mashamba ya majani chai, Bilhah Onsongo aligundua kwamba neno moja limebadilishwa. Siku nne alikuwa amekaa kwenye kibanda cha wakalimani, akitafsiri mabishano ya mabalozi wa nchi saba. Jana yake walikubaliana kwamba nchi zote "zitalazimika" kutia alama kila bunduki. Sasa karatasi ilisema "zitajitahidi."

"Balozi mmoja amekataa kutia sahihi penye 'zitalazimika,'" Robert, kiongozi wa ujumbe wa Kenya, alimwambia mlangoni. "Lakini kwa Kiswahili wewe soma tu ile ya jana. Wale wamama wa Mulot wametoka mbali. Wacha wapige makofi waende nyumbani."

Bilhah alitazama viti vya nyuma, walipoketi wanawake hao waliofiwa kwa bunduki. Mmoja wao, Marcella, alikuwa amemsimulia yaliyompata. Wezi wa ng'ombe walimuulia wana wawili. Polisi waliipata bunduki, lakini haikuwa na alama yoyote. Hakuna aliyejua imetoka wapi, na kesi ikafia hapo.

"Unataka niwadanganye?"

"Nataka ufanye kazi yako, madam."

Mwenyekiti alipokisoma kifungu hicho, Bilhah akabonyeza kitufe cha maikrofoni na kusema, "Nchi zitajitahidi kutia alama." Akarudia kwa hasira: "Zitajitahidi. Si lazima."

Marcella alisimama.

"Kujitahidi? Nimezika vijana wawili! Hiyo risasi ilijitahidi?"

Wanawake wote wakainuka, wakaenda mbele, wakaizunguka meza ya kutia sahihi. Balozi aliyekataa alikusanya karatasi zake akatoka bila kuwatazama. Sherehe ikavunjika.

"Umeharibu kazi ya miezi minane!" Robert alifoka.

"Mimi nimetafsiri. Neno mmelibadilisha nyinyi."

Hakuitwa tena kazini. Miezi miwili baadaye mkataba ulitiwa sahihi katika nchi nyingine, bila wamama wa Mulot. Bilhah aliusoma kwenye simu akiwa mjini Silibwet, akampigia Marcella papo hapo.

"Wameandika aje?"

"Zitajitahidi."

"Ngoja nitafute kalamu," Marcella akasema. " Unisomee majina ya wote waliotia sahihi, mmoja mmoja."