Barua za Choo cha Wageni

Sir Rodelio, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa ameshaangushwa kwenye ukaguzi mara mbili na mkuu wa shule, Ma'am Dalipe, kwa kosa moja: darasani kwake hakuna anayeshiriki. Leo ulikuwa ukaguzi wa tatu. Akianguka tena, mkataba unaishia Machi, naye ataenda kumsaidia shemeji yake kuuza chakula cha nguruwe.

"Andikeni barua ya malalamiko kwa Kiingereza," aliwaambia wanafunzi wa darasa la kumi.

Wanafunzi arobaini na wanane wakatulia kama maji ya mtungini. Ma'am Dalipe, aliyeketi nyuma na fomu yake, akaandika kitu.

"Sir, tunamlalamikia nani?" akauliza Jhunrey.

"Yeyote. Mtu wa kubuni."

"Sasa huyo wa kubuni katukosea nini jamani?"

Darasa likacheka. Rodelio akaitupia jicho ile fomu.

"Basi mwandikieni aliyewakosea kweli."

Kalamu zikaanza kukimbia. Hata Bok, ambaye tangu Juni alikuwa akija kulala tu, aliomba karatasi ya pili. Rodelio akafurahi, mpaka Analyn aliposimama kusoma yake: "Mheshimiwa Mkuu wa Shule..."

Barua ilieleza kwamba choo chenye vigae kimefungwa kusubiri wageni. Wageni walikuja mara ya mwisho mwaka juzi. Wasichana huvuka barabara kwenda kuomba choo kwa mama muuza mishikaki, ambaye kwanza huwatuma kuteka maji.

"Mbwa wake umemsahau!" akadakia Jhunrey.

"Kiingereza!" akafoka Rodelio kwa mazoea.

Jhunrey akamweleza mbwa huyo kwa Kiingereza, dakika nzima, mpaka idadi ya meno.

Kengele ililia, hakuna aliyenyanyuka. Ma'am Dalipe akaja mbele.

"Sir, waambie wabadilishe jina la anayeandikiwa, nami nitakupitisha."

Rodelio akawafikiria nguruwe.

"Barua ni zao, Ma'am. Waombe wenyewe."

Ma'am Dalipe akawageukia wanafunzi. Hakuna aliyegusa kifutio.

"Ma'am, tukibadilisha," akasema Analyn kwa upole, "huyo mwingine atatufungulia?"

Ma'am Dalipe akakaa akajaza fomu. Kushiriki: alama zote, maana fomu ilitaka idadi ya wanaoshiriki, na idadi ilikuwa inamtazama. Mkataba akaupitisha. Kisha, kama anavyofanyiwa kila mwalimu aliyefanya vizuri, Rodelio akaongezewa kazi. Tayari alikuwa mratibu wa bustani, mratibu wa afya ya meno na mratibu wa gwaride; sasa akawa mratibu wa vyoo.

Choo kilifunguliwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa mratibu alikuwa na barua tisa mezani, zote kwa Kiingereza. Ya Bok ilikuwa na kurasa tatu, kuhusu sabuni.