Sekunde Kumi na Moja za Bi Mapema

Kila asubuhi Bi Mapema hufungua mlango, huitikia "Marahaba" mbele ya kibaraza kitupu, kisha huanza kufagia. Sekunde kumi na moja baadaye fundi cherehani wa jirani hutokeza na kusema, "Shikamoo, bibi." Hakuna anayeshangaa. Mtaani wamemzoea kama walivyolizoea bomba lisilotoa maji.

Ugonjwa huo, kama ni ugonjwa, aliupata uwanjani akiwa na miaka ishirini na miwili, siku wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita mia nane. Waamuzi watatu wa saa walikubaliana kwamba mwanamke hawezi kumaliza mizunguko miwili chini ya dakika mbili na nusu, wakageuka kumenya machungwa yao. Walipoinua macho walimwona msichana akivuka mstari, wakabonyeza saa. Huyo alikuwa wa pili. Bi Mapema alikuwa ameshapita sekunde kumi na moja kabla yake, na tangu siku hiyo hakuweza tena kurudi walipo wenzake.

Ni upweke, jamani, usiombe. Kicheko chake hutangulia mzaha, basi hucheka peke yake. Wenzake wakianza, yeye keshamaliza. Mumewe alivumilia miaka sita ya kujibiwa maneno ambayo hajayatamka. Siku alipokuja kumwacha alikuta sanduku lake limeshafungwa na shati lake limepigwa pasi.

Sasa uwanjani wanajenga ukuta wa majina ya wanariadha wa mwanzo, na upande wa wanawake jina la juu kabisa ni la yule wa pili, marehemu sasa. Bi Mapema anataka lake liandikwe kabla naye hajafukiwa. Akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda ofisi ya chama cha riadha.

Katibu, kijana mwenye adabu, alitoa saa ya kupimia. Jibu lilipokuja, akabonyeza. Alipouliza swali, akabonyeza tena. Alirudia mara tatu.

"Kumi na moja kamili," akakubali. "Hili halina ubishi, mama."

"Basi niandikeni, mwanangu. Sina mtoto, sina mjukuu. Nikiondoka, nani atasema nilipita pale?"

Katibu alifungua kitabu cha kanuni. Kanuni ilitaka sahihi za waamuzi watatu walioshuhudia, na wale watatu hawakushuhudia kitu. Alikuwa bado anapitisha kidole kwenye ukurasa Bi Mapema aliposimama, akasema, "Nimekusikia. Asante." Akatoka, akaurudishia mlango polepole.

Katibu hakuinua kichwa. Alikuwa anausoma mstari ule kwa mara ya pili, asije akamkosea mtu mzima.

"Samahani, mama," akasema hatimaye. "Haiwezekani."

Alipotazama, kiti kilikuwa kitupu. Akavuta faili, akaandika kwa mwandiko mzuri: Mwombaji hakusubiri jibu.