Makaburi ya Kambi ya Kokoto

Watu wa Kambi ya Kokoto hatuna hatimiliki. Babu zetu waliletwa hapa kuvunja mawe ya reli, wakapewa vyumba vya mabati, wakavunja mawe mpaka wakazeeka. Reli ilipoacha kuwahitaji hakuna aliyekumbuka kuwaambia waondoke. Wengine walitoka Bungoma, wengine Siaya, wachache Baringo. Mashamba waliyoyaacha huko yaligawanywa na ndugu zao. Kwa hiyo walipokufa walizikwa papa hapa, kwenye mteremko ulio nyuma ya machimbo, upande unaotazama Ziwa Elmenteita. Mke wangu Nanyama amelala hapo tangu mwaka wa 2016.

Mimi ni Khisa. Niliacha shule darasa la saba nikashika nyundo, na nimekuwa mwenyekiti wa kijiji kwa miaka kumi na mmoja. Nilichaguliwa kwa sababu nina sauti kubwa na sipendi kuzungushwa.

Binti yangu wa mwisho, Trizah, alipata alama za kutosha kusomea uuguzi. Akachagua soshiolojia na siasa. Alinieleza habari hiyo nje ya nyumba, watu wakiwepo, nami nikamuuliza mbele yao ugonjwa gani unaotibiwa na soshiolojia.

"Inafundisha kwa nini watu wanaishi vile wanaishi, Baba."

"Mimi najua kwa nini naishi hivi. Sina pesa."

Watu walicheka. Ooko, jirani yangu tangu utotoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Trizah nyar Khisa," akamwambia, yaani binti Khisa kwa Kijaluo chao, "ukimaliza hiyo digrii uje utuambie kwa nini mimi ni maskini. Baba yangu alikufa akiuliza."

Trizah hakukasirika. Likizo ya kwanza alirudi na daftari akaanza kuwazungukia akina mama wazee, akiwauliza nani alifika mwaka gani, nani amezikwa wapi, na aliyezikwa kando yake ni nani. Alikuwa amepata majina kumi na tisa nilipomkataza. Nilimwambia anatembea kijijini kama polisi anayepeleleza marehemu, na kwamba kama amekosa la kufanya kuna nguo za kufua. Akaacha. Nilijisikia vizuri siku hiyo. Nilidhani nimemrudisha njiani.

Kisha ikaja kampuni ya vigae.

Walitaka ardhi yote kuanzia machimboni mpaka barabarani, wajenge kiwanda. Kabla ya kupewa kibali, sheria iliwataka watume watu wa kuandika ripoti kuhusu jamii inayoishi hapo. Chifu alinipigia simu, akaniambia nikusanye watu Jumamosi. Akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba kampuni itahitaji vijana wa kazi na kwamba familia ya mwenyekiti haiwezi kusahaulika. Kijana wangu Sydney alikuwa na miaka thelathini na moja, na cheti cha udereva ambacho hakikuwa kimeendesha chochote.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Trizah alinifuata nikinyoa ndevu.

"Baba, leo watauliza kama kuna makaburi. Watauliza kama kuna mahali pa tohara, mahali pa mila. Waambie yote. Wapeleke mteremkoni waone."

"Wakiona makaburi watakimbia. Nani anajenga kiwanda juu ya maiti? Watapeleka hizo kazi Naivasha."

"Hawatakimbia. Watalazimika kukaa chini na sisi kwanza, tukubaliane. Sisi hatuna karatasi, Baba. Wale walio pale ndio karatasi yetu. Hakuna mtu anaweza kusema ulikuja jana kama nyanya yako amezikwa hapo miaka hamsini."

"Hayo ndiyo mnafundishwa?"

"Hayo ndiyo tunafundishwa."

"Umesoma siasa miaka mitatu. Umewahi kumwandika mtu kazi hata mmoja?"

Nikamalizia ndevu zangu.

Mgeni aliyekuja kuuliza maswali alikuwa msichana mpole aliyeitwa Jepleting, hajamzidi Trizah sana kwa umri. Alikuwa na orodha ndefu ya maswali kwenye simu kubwa. Aliketi mbele yangu chini ya hema na kijiji kizima kikaketi nyuma yetu. Maji tunachota wapi? Watoto wanasoma wapi? Nilijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Kisha akauliza.

"Mzee, hapa kuna makaburi, ama mahali pa tohara, ama mahali pengine popote jamii inapaheshimu?"

Nililielewa swali. Nataka hilo lijulikane. Nyuma ya machimbo ndiko kulikokuwa na makaburi, na chini yake kidogo kuna kijito ambako sisi Wabukusu hupakwa matope alfajiri ya tohara. Nilipakwa hapo. Sydney alipakwa hapo. Lakini nilimtazama msichana huyo na viatu vyake safi, nikaona aibu kumwambia kwamba watu wazima hapa huamka usiku kwenda kupakana matope. Na nilikuwa nikimfikiria Sydney.

Trizah alikuwa kando na akina mama, ameshika chupa ya chai. Akainua mkono.

"Samahani, ningependa kuongezea kitu…"

"Wewe," nikamwambia, "wageni hawana chai. Leta chai."

Kicheko kikapita chini ya hema. Akashusha mkono.

"Hakuna," nikamwambia Jepleting. "Sisi ni watu wa kanisa. Hayo mambo ya mizimu wazee waliyaacha Bungoma."

"Hakuna kabisa, mzee? Watu wenu wakifa huzikwa wapi?"

"Husafirishwa kwao."

Akaandika. Watu zaidi ya mia moja walisikia, na kila mmoja alikuwa na mtu wake mteremkoni. Mama yake Ooko yuko hapo. Hakuna aliyefungua mdomo. Kwetu mwenyekiti hapingwi mbele ya mgeni. Hupingwa mgeni akishaondoka. Na wengi wao walikuwa na vijana wa kutafutiwa kazi kama mimi. Tulipomaliza kila mtu alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, akapewa soda na mkate.

Trizah alinisubiri mpaka gari la wageni likatoweka.

"Mama alisafirishwa lini?" akaniuliza.

Nilimwambia anyamaze. Alirudi chuoni jioni hiyo bila kuaga.

Miezi minane baadaye uzio ulijengwa. Ulianza barabarani, ukapita nyuma ya machimbo na kuuzunguka mteremko wote. Siku chache baadaye tukabandikiwa ilani kwenye mlango wa kanisa: sisi ni wavamizi tulioingia miaka ya karibuni, hatuna uhusiano wa asili na ardhi hiyo, tuna siku sitini za kuondoka. Tungelipwa mabati ya nyumba. Ardhi hapana. Ilani ilisema hayo yametoka kwenye ripoti iliyothibitishwa na mwakilishi wa jamii mbele ya mkutano wa hadhara. Jina langu lilikuwa hapo, limeandikwa vizuri.

Sydney alipata kazi. Alipewa sare ya bluu na rungu, akawekwa kwenye lango la uzio.

Ooko alikwenda kusafisha kaburi la mama yake, kama afanyavyo kila Desemba. Nilikuwa nyuma yake.

"Rudi, mzee. Hapa hakuna kupita," Sydney alimwambia.

"Sydney, mimi ndiye nilikubeba mgongoni mpaka Gilgil ukiwa na malaria."

"Najua, mzee. Nina amri."

Ooko akageuka, akanikuta nimesimama hapo. "Umelea vizuri, mwenyekiti," akasema, akaenda zake na jembe lake begani.

Nilimpigia Trizah simu. Nilikuwa sijampigia tangu siku ya mkutano. Nilitarajia maneno, na kama angenitupia ningeyapokea, lakini aliniuliza tu ilani ni ya tarehe gani, akaniambia niipige picha nimtumie. Jumamosi alikuja. Alisoma ripoti yote, kurasa mia mbili, akiwa ameketi kwenye kigoda cha mama yake.

"Kuna kamati ya rufaa inakaa Nakuru," akasema. "Tunaweza kwenda. Lakini ripoti nzima imesimama juu ya jibu lako. Lazima usimame uwaambie ulidanganya."

"Andika kwamba sikuelewa swali."

"Ulielewa."

"Andika mimi sikusoma. Watu kama hao hupenda kuamini hivyo."

"Nilikuwa hapo, Baba, na chupa ya chai." Hakuinua sauti. "Na ukisema hukuelewa lile, watasema hata haya ya leo huyaelewi. Utakuwa umetumaliza mara mbili."

Ikabidi nikubali.

Tulikwenda Nakuru watu arobaini. Kamati ilikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu, na wakili wa kampuni alikuwa mwanamume mfupi mwenye adabu nyingi. Nilisimama nikasema kwamba makaburi yako, kwamba nilijua yako, na kwamba mke wangu mwenyewe yuko ndani ya ule uzio. Wakili aliningoja nimalize.

"Pole sana, mzee. Sasa tusaidie. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kijana wangu apate kazi."

"Alipata?"

"Alipata."

"Leo yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Kazi gani?"

Nikamwambia. Nyuma yangu nilisikia watu wakisonya, mmoja baada ya mwingine, benchi nzima.

"Na hayo makaburi," wakili akaendelea, "ni mangapi?"

"Zaidi ya sitini."

"Taja majina."

Nilitaja kumi na moja, nikakwama. Misalaba ya mbao ilikwishaoza zamani, na wale wazee waliojua nani yuko wapi, watatu walikuwa wamekufa tangu nilipomkataza Trizah kuwauliza. Trizah alisimama akasoma majina yake kumi na tisa, na miaka, na nani alikuja na treni gani. Mwanamke mmoja wa kamati aliacha kuandika, akaegemea meza.

"Msichana, hii ni kazi nzuri sana," akasema. "Hawa wengine wako wapi?"

Trizah alitazama daftari. Alikuwa na nafasi ya kunisema mbele ya watu wote, kama nilivyomfanyia yeye.

"Sikumaliza," akasema.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Kamati ilikubali kwamba makaburi yako, na ikaiamuru kampuni igharamie kuyahamishia makaburi ya umma Gilgil. Ama dai kwamba tumeishi hapo tangu enzi za reli, kamati ilisema haiwezi kulikubali kwa neno la shahidi aliyetoa hadithi mbili, na kwa majina yasiyofika nusu ya waliozikwa. Tuondoke. Kwa lugha nyepesi, wafu wetu walitambuliwa ili waweze kufukuzwa pamoja na sisi.

Kampuni ilileta vibarua wa kufukua, lakini watu walikataa mikono ya wageni. Kwetu, awe Mbukusu, awe Mjaluo, kaburi huchimbwa na majirani. Mwenye msiba hashiki jembe. Ukimwona mtu anachimba kaburi la mtu wake mwenyewe, ujue amewakosea watu kosa kubwa, au hana watu.

Siku ya kwanza walianza saa moja asubuhi, wanaume kama ishirini, wakienda kaburi kwa kaburi. Afisa wa afya wa kaunti alisimama na glavu na dawa, akiandika namba kwenye masanduku madogo ya mbao. Walimtoa mama yake Ooko huku wakiimba polepole. Wakamtoa Mzee Kigen, wa wale waliotoka Baringo. Mimi nilisimama kando ya Nanyama nimevua kofia, nikingoja zamu yake.

Walipofika wakasimama. Ooko akaegemeza jembe lake kwenye ukingo wa machimbo.

"Sisi tumechoka, mwenyekiti," akasema.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Wengine nao wakaweka majembe chini, wakaenda kuketi kwenye nyasi, wakamiminiwa chai. Hakuna aliyenitukana. Walizungumza habari za mvua.

Nilichukua jembe lililokuwa karibu nikaanza. Mawe sijawahi kuyaogopa, lakini udongo ule ulinishinda nguvu. Nilikuwa nimefika magotini Trizah alipovua viatu, akapandisha sketi, akaingia shimoni na sepetu. Nilimwambia atoke, mtoto hachimbi kaburi la mama yake. Aliendelea kutupa udongo juu.

Tulichimba muda mrefu. Sydney alikuwa langoni, mgongo wake umetuelekea.

"Kule chuoni," nikamuuliza, "walikufundisha watu hufanya nini na mtu kama mimi?"

Alifikiri, kwa sababu Trizah ukimuuliza swali hufikiri.

"Inategemea. Wengine humsamehe baada ya muda. Wengine huhama wakamwacha."

"Na hawa wetu?"

Aliinua kichwa juu ya ukingo, akawatazama wale wanaume na vikombe vyao. Jasho lilikuwa limemchora mistari usoni.

"Chimba, Baba," akasema. "Afisa wa afya anaondoka saa sita."