Uzi Mwembamba Kuliko Zote

Mke wa fundi alikifungua kitambaa juu ya meza ya kulia, akiinama kwa shida, kwa sababu siku hizi tumbo lilimtangulia kila alikokwenda. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vitu ambavyo mtu angedhani ni meno ya panya.

"Haya, ndivyo hivi. Na usiniulize nimembembeleza vipi Mama mpaka akakubali uviguse."

Fundi hakuuliza. Alikuwa ameshakinyanyua kimoja kwa ncha za vidole na kukipeleka dirishani. Yeye alikuwa mkerezaji wa vyuma. Watu walimletea ekseli zilizokatika, shafti za pampu na gia zenye mapengo, vitu vya kubebwa na watu wawili huku wakigombana. Hiki hapa kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi, kina matundu mawili ya skrubu na mfereji mmoja juu, na ukikibonyeza kinamong'onyoka kama biskuti. Udadisi ukamshika palepale.

"Kinafanya kazi gani?"

"Kinabeba uzi wa gitaa. Kila uzi na chake. Vimeoza, na vya dukani havilingani na gitaa la Mama, ni la zamani mno. Ukivitengeneza vizuri, pengine..." Akajishika kiuno.

Hakuwa na haja ya kumalizia. Mama mkwe hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu harusi. Aliwaambia watu, na watu kama kawaida yao wakafikisha, kwamba mkwe wake ni mtu wa majivuno, unamsemesha anakutazama kama ukuta. Sasa mtoto wa kwanza alikuwa njiani, na mke alitaka kuwa na mama yake kando siku hiyo. Si shangazi wala jirani, mama yake. Fundi naye roho ilimuuma, maana kila akijikagua hakuona siku aliyomkosea adabu mama wa watu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia yeyote. Masikio yake yalikuwa yanakwisha. Mashine zilikuwa zimeyala kidogo kidogo, zikianzia sauti za juu: kwanza ndege, halafu mlio wa simu, halafu sauti za watu wanaoongea taratibu. Ngurumo za chini alizisikia barabara, na mkewe alijaliwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshtuka. Kazini alicheka wenzake walipocheka na kuitikia "naam" midomo ya mtu ilipotulia. Alilificha jambo hilo kama mtu anavyoficha suruali iliyochanika, kwa kuchagua namna ya kukaa.

Karakana ilipopoa mchana, akavipanga vile vipande kwenye kitambaa cheusi na kuanza kuvipima. Aliwaza mengi. Mbona hiki ni kirefu kuliko kingine? Mbona matundu ya skrubu hayako katikati? Akagundua pia kwamba mifereji haikulingana upana. Wa uzi mnene ungeingiza ncha ya penseli, na wa uzi mwembamba haungeingiza hata njiti ya kiberiti iliyochongwa. Akatikisa kichwa. Huo ni uchakavu, alijiambia. Katika maisha yake ya gia, jino moja likitofautiana na wenzake, gia hiyo ni mbovu na mwenye nayo hana raha.

Basi akachukua fimbo ya shaba ya njano, akaikata, akaitoboa, na mifereji yote akaipitisha kisu kimoja, upana mmoja, akajipongeza. Kosa hilo mpiga gitaa asingelifanya hata usingizini.

Kimoja kilimponyoka kwenye kibano kikaangukia chini, ndani ya machicha ya chuma yaliyotapakaa kama nywele kwa kinyozi. Alipiga magoti, akatafuta, akatukana taratibu. Kisha akacheka peke yake, akaleta sumaku. Sumaku ikabeba machicha yote ya chuma, na sakafuni kikabaki kipande cha shaba kinang'aa, maana shaba haina habari na sumaku. Alifurahi utadhani ameokota pete.

Mama mkwe alikuja mwenyewe. Hakutaka gitaa lake lipite mikono ya watu. Alikuwa mama mwembamba, nadhifu, gitaa amelifunga kwenye shuka, na aliupita mlango wa karakana akiwa ameinua sketi isiguse mafuta.

"Shikamoo, Mama."

Midomo ya mama ilicheza. Fundi akaamua kwamba ni marahaba.

Alimfutia kiti, akafunga vipande kimoja kimoja, na mama akakaza nyuzi. Akaanza kuzipiga kuanzia ule mnene. Fundi aliusikia hadi tumboni. Wa pili akausikia, wa tatu pia. Wa nne ulikuja kwa mbali, wa tano ukawa kama mtu anayepita nje. Kidole cha mama kikafika kwenye uzi mwembamba kuliko zote. Kikavuta, kikaachia, na kwa fundi ilikuwa kimya kabisa.

Mama akakunja uso. Akasema kitu.

"Safi kabisa, Mama!" fundi akajibu kwa tabasamu.

Uso wa mama ukajifunga. Alilichukua shuka na kuanza kulifunika gitaa bila haraka, kama mtu aliyethibitisha alichokuwa akikijua siku zote.  Fundi aliiona picha ya mkewe hospitalini, anatazama mlango.

"Mama, subiri. Nakuomba. Upige tena uleule."

Akanyakua bisibisi ndefu. Mafundi ndivyo wanavyosikiliza beringi iliyo ndani ya mashine: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na chuma kinakueleza ugonjwa wake. Akaigusisha ncha kwenye kile kipande cha mwisho, polepole, akaubana mpini kwenye mfupa. Mama alimtazama kama anayetazama mwendawazimu, lakini akapiga.

Sauti ikaingia. Nyembamba, safi, ya juu, sauti ambayo fundi hakukumbuka aliisikia lini mara ya mwisho. Na nyuma yake kitu kinachachatika, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Unakoroma!" akapiga kelele. "Mama, uzi unachezacheza ndani ya mfereji! Nimeupanua mno! Kila uzi una unene wake, mimi nikavaa zote kiatu kimoja... nimezivisha zote kiatu kimoja!"

 Mama aliitazama bisibisi, akalitazama sikio. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, na fundi aliona mashavu yake yakitembea nyuma ya vidole, kama mtu anayesema kitu.

Kiganja kikashuka. "Nimesemaje?" Hilo alilisoma kwenye midomo.

Angeweza kusema naam. Alikuwa na naam nyingi za akiba.

"Sikusikia, Mama," alisema. "Sisikii. Ni muda sasa."

Mama alisogeza kiti, akasogea hadi pua zao zikakaribiana, na alipoongea aliongea kwa nguvu hata mchomeleaji wa jirani akainua kofia yake ya chuma atazame. "Siku ya harusi nilikushika mkono nikakuuliza, utamtunza mwanangu? Ukaniachia mkono ukaenda kuongeza soda!"

Fundi alitamani sakafu imfunike. 

"Nitamtunza, Mama," alisema.

"Umechelewa kujibu."

"Nimechelewa sana."

Mama akageuka pembeni, akapangusa macho kwa pindo la shuka, akamwonyesha mashine kwa kidevu. Fundi akakata kipande kipya. Safari hii aliupima uzi wenyewe kwanza, akachonga mfereji kwa tupa nyembamba, akijaribisha uzi, akichonga tena, hadi ukalala bila kujitikisa. Akakifunga, akairudisha bisibisi nyuma ya sikio. Mama akapiga. Nzi hakuwepo.

"Ninyi mtalala chumba kimoja na mtoto?" mama akauliza, kwa sauti ileile ya kuamsha mtaa.

"Ndiyo."

"Mwanangu akiwa amechoka, amelala fofofo, mtoto akalia. Wewe utamsikia?"

 Miezi yote hiyo fundi alikuwa amepaka rangi kitanda cha mtoto, amepima dirisha, amekaza kila skrubu ya nyumba, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Sijui, Mama."

Mama mkwe alilifunga gitaa kwenye shuka, akaliweka mikononi mwa fundi alibebe.

"Basi nakuja leo," alisema. "Na habari ya masikio yako utamwambia mke wako wewe mwenyewe, kabla sijavua viatu."