Tangi Lililooshwa kama Kibuyu

Mama Weldon alinikuta gereji kwangu Bondeni asubuhi moja, nikiwa na hasira kwa sababu chai ilikuwa haijaletwa. Pikapu iliyomtoa Rongai ilikuwa imebeba kitu ambacho zamani kilikuwa pikipiki ya Kiingereza. Kuku walikuwa wametagia kitini.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye miaka hamsini na mmoja na kipara. "Nataka hii kitu itembee kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

"Mama, hii ni ya kupelekwa scrap."

"Sijakuuliza ipelekwe wapi. Nimekuuliza kama wewe ni fundi."

Hapo alinigusa penyewe. Nikamvutia kiti, chai ikafika, naye akanieleza. Pikipiki ni ya mumewe, Mzee Kipngeno, na ndiyo iliyowatoa kanisani siku ya harusi yao. Mwaka wa tisini na moja wakaanguka nayo wote wawili mteremkoni karibu na kwao, mkono wa mama ukavunjika. Akiwa bado kitandani hospitalini akamwambia mumewe achague, yeye au pikipiki. Mzee akaisukuma ghalani, na tangu siku hiyo hakuitaja wala hakuingia humo tena.

"Hajawahi kuninung'unikia hata siku moja," alisema. "Hiyo ndio inanimaliza."

Jumamosi hiyo washirika wa kanisa lao wangekuja nyumbani kuwaombea kwa kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Alitaka kumwomba mumewe msamaha mbele ya watu, pikipiki ikinguruma. Nilimhurumia, lakini sikumwonyesha.

Pistoni ilikuwa imegandia ndani. Niliilowesha kwa dizeli siku tatu, nikaibembeleza na kuitukana kwa zamu mpaka ikaachia. Nikaweka matairi mapya, nyaya za breki, taa na betri. Tangi ndilo lililonishinda. Kila nikilisafisha, kutu ilishuka tena na kuziba kabureta, na siku zilikuwa zinaisha.

Mama Weldon aliposikia, alikuja kulichukua. "Nimeosha vibuyu vya kugandishia maziwa ya mursik tangu nikiwa msichana," alisema. "Nitashindwa na hii?"

Alhamisi alilirudisha. Alikuwa ametia changarawe na maji ya moto, akalitikisa mchana kutwa. Nilitia petroli, nikapiga kiki, injini ikaitika mara moja. Nikaondoka nayo kifua mbele. Nilipofika mtaa wa Section 58 ikakohoa mara mbili na kuzima, na ikabidi niisukume hadi Bondeni mbele ya watu wote wanaonifahamu.

"Niaje fundi," mwendesha boda mmoja akaniambia, "leo uko mazoezi?"

Nikaendelea kusukuma hadi gereji. Nilifungua kabureta nikakuta tope jeusi. Nilianza kumlaani aliyeniuzia petroli, kisha nikasikia harufu ya moshi ninayoijua kutoka kwa maziwa ya majirani zangu Wakalenjin. Nikapiga simu.

"Mama, uliweka nini kwa tangi?"

"Makaa ya mti wa senetwet. Nilisaga laini nikapaka ndani. Kibuyu ukiosha bila kupaka makaa, maziwa inaharibika."

"Mama, hii si maziwa."

"Kwani petroli haitaki kukaa vizuri?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Ijumaa yote nilisuuza makaa ya Mama Weldon. Lakini haki ya mtu nitampa: chini ya ule weusi, tangi lilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuliosha mimi.

Jumamosi niliiendesha mwenyewe hadi Rongai, ikiwa na bima mpya na taa zinawaka. Nilipoingia langoni kwaya ilinyamaza. Mama Weldon akachukua maiki.

"Baba Weldon, nilikunyima hii pikipiki miaka thelathini na tatu. Ulinichagua mimi na hukulalamika. Nisamehe."

Akina mama walipangusa macho. Mimi pia, bado nikiwa juu ya pikipiki, nikasingizia vumbi. Mzee Kipngeno aliinuka na mkongojo wake, akaizunguka pikipiki kwa mbali bila kuigusa. Kisha akamwinamia mkewe kumnong'oneza, asijue kuwa maiki bado inanasa.

"Mama Weldon, ile siku tulianguka niliogopa sana. Hata sasa naiogopa. Nilikuwa nangoja tu mtu aniambie niache. Wewe ukasema, nikashukuru Mungu, nikanyamaza."

"Miaka thelathini na tatu?"

"Ulikuwa unanipikia vizuri sana kunibembeleza."

Mchungaji alikuwa wa kwanza kucheka. Mama Weldon alimkabidhi mchungaji maiki, akakusanya sketi yake na kupanda nyuma yangu.

"Fundi, twende."

"Wapi, Mama?"

"Popote. Huyu leo ajipikie."

Tukatoka langoni, watu wakipiga vigelegele na mzee akituita turudi. Tulipofika ule mteremko alinishika kiuno kwa mikono yote miwili, akaniambia niende polepole, kisha nikamsikia akicheka mgongoni kwangu.

"Kumbe tulikuwa tunaogopa wawili," alisema.