Pambo la Jukwaa

Wimbo wa tatu ulikuwa umekolea, na Nguzo, kama kawaida yake, alikuwa anapiga gitaa miguu peku. Wateja wa baa walidhani ni mbwembwe za msanii, naye aliwaacha wadhani hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa na la kulia lilikuwa linaaga, kwa hiyo gitaa lake la besi alilisikia kwa nyayo, kupitia mbao za jukwaa. Siri hiyo alikuwa amempa mtu mmoja tu: shemeji yake, mwimbaji wa bendi, aliyemwoa mdogo wake wa kike na kula naye sahani moja miaka nenda miaka rudi.

Jasho likamwingia jichoni. Akaliacha gitaa lining'inie shingoni, akatoa leso, akajifuta taratibu.

Mbao ziliendelea kutetemeka.

Leso ikagandia usoni. Besi ilikuwa inapita chini ya nyayo zake, nene, iliyonyooka, isiyo na kasoro, na vidole vyake vyote vilikuwa vimeshika kitambaa! Akageuza shingo. Kule pembeni, mpiga kinanda alikuwa anapamba wimbo kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukiwa umezama upande wa sauti nzito, ukifanya kazi ya Nguzo. Macho yao yalipokutana, mpiga kinanda akainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano.

Afanye nini, na ukumbi umejaa? Alirudisha leso mfukoni, akaendelea kuchuna nyuzi mpaka mwisho. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani, kwa kuwa alikuwa anatoka jasho kwa kazi ambayo haikuwepo.

Wakati wa mapumziko alimfuata fundi mitambo kwenye meza yake ya vitufe.

"Gitaa langu umelizima?"

"Mzee, mbona unaniuliza? Si mlikubaliana?"

"Nani na nani?"

"Wewe na shemeji yako. Alisema sikio linakusumbua, na wewe mwenyewe umeomba ubaki kuwa pambo la jukwaa. Eti watu wamezoea kukuona."

"Tangu lini?"

Fundi akajikuna kisogo. "Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimeshakwisha, na matope yake yalikuwa yamegeuka vumbi. Muda wote huo, kila waliposhuka jukwaani, shemeji alikuwa akimpiga begani na kumwambia, "Leo umeua!" Naye, mtu mzima na akili zake, alikuwa akienda kulala akitabasamu.

Alimkuta mwimbaji nyuma ya stoo, anakunywa maji ya vuguvugu kulainisha koo.

"Shemeji, umenizunguka."

"Mimi?" Mwimbaji alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Nilikuwa nakulinda, bwana. Wimbo ulikuwa unakwenda huku, wewe unakwenda kule. Wangekucheka."

"Ungeniambia."

"Ungeacha muziki. Halafu dada yako nimwangalie kwa jicho gani?"

"Na ile 'leo umeua', ulikuwa unamwambia nani?"

Mwimbaji aliinua glasi akanywa, ingawa haikuwa na kitu.

"Sikio langu nilikupa wewe peke yako," Nguzo alisema. "Sasa hata fundi mitambo analo."

"Tupande kwanza tumalize. Haya ni ya nyumbani, tutayaongea nyumbani."

Nguzo angeweza kubeba gitaa lake akaenda zake. Alipanda kwa sababu hakutaka isemwe kwamba aliyekimbia ni yeye.

Mazoea yana taabu. Katikati ya wimbo wa mwisho mwimbaji aliinua ngumi, bendi nzima ikanyamaza, akaanza kutambulisha wanamuziki mmoja mmoja, kila mtu na uhondo wake, kama walivyofanya tangu bendi ilipozaliwa. Ngoma zikanguruma peke yake, watu wakashangilia. Kinanda kikalia, wakashangilia tena. Mdomo wa mwimbaji ukatangulia akili.

"Na kwenye besi, kaka wa mke wangu, mwalimu wangu, Nguzo ya nyumba!"

Ukumbi ulilipuka. Ndipo mwimbaji alipokumbuka. Mpiga kinanda alibaki na mikono hewani, maana angegusa sasa, kila mtu angemwona. Mwimbaji akamkonyeza fundi, mara mbili, tatu, na fundi akapandisha kitufe haraka haraka. Gitaa likaamka, nyuzi zikavuma zenyewe. Mngurumo wake ukapanda mpaka kwenye magoti ya Nguzo, naye akautambua kuwa wa kwake. Alikuwa ameukosa kwa muda mrefu bila hata kujua.

Mwimbaji alisogeza maikrofoni kando, akamgeukia. Nguzo hakuyasikia maneno, aliyasoma midomoni.

"Piga, shemeji. Nakuomba."

Nguzo alifungua kiganja, akakilaza juu ya nyuzi zote nne, akakandamiza. Mngurumo ukakatika.

"Piga, mzee!" mtu alipiga kelele kutoka meza za nyuma. Wengine wakadakia kwa makofi ya mpigo mmoja, wakimsubiri. Mwimbaji alisimama katikati ya jukwaa, tabasamu bado liko usoni, jasho linamdondoka kidevuni, na kiganja cha Nguzo kilikuwa pale pale.